MODFLOW au SEAWAT kwa visima vya Shela?

Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani, kisha maji hayo huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Ukitaka kuyaiga kwenye kompyuta kuna programu mbili, zote za bure, kutoka USGS, idara ya jiolojia ya Marekani.

MODFLOW, ya tangu 1984, huigawa ardhi vijisanduku na kukokotoa maji yanayopita baina yake. Ni nyepesi. Lakini kwa umbo lake la kawaida huchukulia maji yote kuwa na uzito mmoja.

Hapo ndipo SEAWAT inapoishinda. Huiunganisha MODFLOW na MT3DMS, inayofuatilia chumvi, na hujua kwamba lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 1,025, ya maji matamu 1,000. Tofauti ndogo, lakini kisiwani ndiyo uhai wenyewe: kwa makadirio, kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hushikilia mita 40 chini yake. Pampu ikishusha usawa wa maji matamu nusu mita, chumvi yaweza hatimaye kupanda mita 20! Gharama ya SEAWAT ni vipimo vya chumvi vya vina mbalimbali, na kompyuta kukesha.

Kwa Shela nachagua SEAWAT bila kusita. Kandokando ya Mto Sabaki huko Malindi, mbali na mlango wake wa bahari, MODFLOW yatosha. Ina sehemu maalumu ya kuunganisha mto na maji ya ardhini.