Sanduku lao la miamba chukueni, mtaalamu wao sijui

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika nazo.

Mimi ni mlezi wa klabu ya sayansi shuleni. Kuna chama cha kitaaluma cha wanajiolojia, jina naliacha, chenye mpango wa kuwafikishia vijana elimu ya sayansi ya Dunia. Unaomba, wanakuazima sanduku la miamba na madini, kisha anakuja mtaalamu wa kujitolea kuzungumza na watoto. Bure. Masharti na mengineyo wameyaandika wenyewe kwenye fomu, sina haja ya kuyarudia. Shida yangu ni jiwe moja tu, sampuli namba nne.

Sanduku lilitangulia kufika, na hapo sina neno baya. Mawe ya kushika yakajaa kiganjani, si vile vipunje vilivyogundishwa kwenye kadi ambavyo mtoto anaishia kuviangalia. Humo ndani kuna msumari wa chuma, kipande cha kioo, kigae cheupe cha kusugulia, sumaku na kichupa cha siki. Kijitabu chake kinaeleza kipimo cha ugumu cha Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini Mjerumani, cha mwaka 1812: talki, madini laini kabisa, ni 1, almasi ni 10, na lililo gumu zaidi humkwaruza mwenzake. Ukucha wako uko kwenye 2.5 hivi. Watoto walisugua hematiti, jiwe jeusi linalong'aa, kwenye kigae likaacha mstari wa rangi ya damu iliyokauka. Kelele zilizopigwa pale zilimleta mwalimu wa darasa la jirani kuuliza kuna nini. Siku ile ningewapa nyota zote walizonazo.

Halafu akaja mgeni.

Alianza vizuri, simwonei. Alisimulia habari za Alfred Wegener, mtu wa hali ya hewa aliyesema mwaka 1912 kwamba mabara yanasogea, wanajiolojia wengi wakambeza, na ikachukua hadi miaka ya 1960 ndipo wengi wakakubali. Aliisimulia kwa madaha, akasisitiza kabisa kwamba sayansi haitazami cheo cha anayesema, inatazama ushahidi. Watoto wakapiga makofi. Nayaweka maneno hayo hapa makusudi.

Zamu ya maswali ilipofika, binti mmoja, mpole, wa kukaa nyuma, akanyanyua sampuli namba nne. Lebo yake ilisema kwatsi, madini magumu yanayoweza kuonekana kama kioo. Jiwe lenyewe ni jeupe, angavu, unaona upande wa pili. Akasema, "Samahani, mimi nadhani hili si kwatsi." Na hakuwa anabahatisha. Alikuwa ameliweka juu ya kijitabu, na kila mstari wa maandishi chini yake ukaonekana miwili. Alilikwaruza kwa msumari likachubuka, wakati kwatsi iko kwenye 7 na msumari haufiki huko. Ule unga uliotoka akaudondoshea siki, ukatoa vipovu vidogo vidogo. Yeyote aliyefungua kijitabu chao wenyewe anajua hiyo ni kalsaiti: ugumu 3, inagawa mwanga kuwa miwili, ndiyo maana mistari ilionekana miwili, inachemka ikiguswa na asidi.

Mgeni akajibu, "Binti, lebo hizo zimeandikwa na wataalamu. Mimi kazi hii nimeanza hujazaliwa. Kaa chini." Kisha akalichukua jiwe, akalitia kwenye mfuko wa shati, akaendelea na picha zake za ajira migodini.

Hakulitazama! Lenzi ya kukuzia ilikuwa inaning'inia shingoni mwake muda wote, hata kuigusa hakuigusa. Lebo kukosewa si tatizo, mawe yanazunguka shule nyingi na kuchanganyika ni kawaida. Angesema "hebu tuone", angekuwa amefundisha somo zima la jiolojia kwa sekunde chache. Dakika chache nyuma alikuwa anawasikitikia waliombeza Wegener.

Niliwaandikia chama. Jibu lao lilikuwa shukrani kwa ushirikiano na fomu ya maoni, ambamo utendaji wa mtaalamu unaupima kuanzia "vizuri" hadi "vizuri sana". Sehemu ya "amemnyamazisha mtoto aliyekuwa sahihi" sikuiona. Nikawapa nyota moja, na hiyo moja niliitoa kwa shingo upande.

Lakini tuwe wakweli. Nani alimfundisha yule binti kukwaruza, kudondosha siki, kulaza jiwe juu ya maandishi? Si mimi, mimi ni mwalimu wa hesabu niliyepachikwa klabu. Ni lile sanduku. Mtu fulani ndani ya chama hicho alikaa akafikiri jinsi mtoto anavyojifunza, akaweka msumari mle badala ya kipeperushi kingine cha kumeremeta. Huyo mtu namheshimu, na kwa ajili yake nilipandisha hadi nyota nne. Binti mwenyewe hajavunjika moyo, sasa anakwaruza kila jiwe analoliokota uwanjani. Ndiyo, nne ni haki yao. Ukiwa na klabu, omba sanduku leo, na ukiweza kumkwepa mgeni, mkwepe.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika kuandika, nikapata ujumbe wao mpya. Wamekagua sanduku baada ya kulirudisha, wanasikitika kunitaarifu kwamba sampuli namba nne, "kwatsi", haipo, na shule itawekwa pembeni kwenye maombi yajayo hadi ipatikane.

Nyota mbili. Nimewajibu wakaangalie mfuko wa shati la mtaalamu wao, na wakiipata wabadilishe lebo.