METAR za bure kwenye aviationweather.gov, nyota 4 kati ya 5

Mimi si rubani, ni abiria tu wa vile vindege vidogo vya Dar kwenda Zanzibar, napanda karibu kila mwezi kwa kazi na zamani nikiona wingu jeusi tu tumbo linakata. Shemeji yangu anasomea urubani, yeye ndo kanionyesha hii saiti ya Wamarekani, hulipii kitu, unaandika herufi nne za kutambulisha uwanja, HTDA ni Dar, HTZA ni Zanzibar, inakuletea METAR yaani ripoti ya hali ya hewa pale uwanjani.

Mwanzoni ni herufi na namba zimebanana tu, ila mimi nasoma sehemu ya mawingu basi. Anga wanaigawa mafungu 8, FEW ni 1 au 2 yamefunikwa, SCT 3 mpaka 4, BKN 5 mpaka 7, OVC ni kumezibwa kote. Namba inayofuata unaiongezea sifuri mbili unapata futi, kwa hiyo BKN015 maana yake kitako cha wingu kiko futi 1,500 juu ya uwanja, na rubani anayeruka kwa kutegemea macho yake hapo lazima apige hesabu.

Sasa kilichonigusa zaidi: mawingu yana aina kuu 10, na Mwingereza Luke Howard alianza kuyapa majina ya Kilatini tangu 1802, lakini METAR inataja aina mbili tu, TCU na CB! TCU ni kumulasi linalopanda juu kama mnara, likiendelea kukua linakuwa CB, kumulonimbasi lenyewe, wingu la radi, ndani yake upepo unapanda na kushuka kwa nguvu, kuna mvua ya mawe na barafu ya kuganda kwenye mabawa, na huku kwetu kwenye joto kichwa chake kinaweza kupita futi 50,000. Kindege chetu hakiwezi kulivuka kwa juu, ni kulizunguka mbali au kusubiri chini.

Masika iliyopita tulicheleweshwa masaa mawili, watu wanagomba kaunta, mi nikafungua simu nakuta Zanzibar TSRA, yaani radi na mvua, na SCT018CB, nikakaa zangu nikaagiza chai.

Angalieni saa, ni za UTC, yaani saa za kimataifa, ongeza 3 upate za kwetu. Nyota moja nimeipunguza kwa vile Kiswahili hamna, mama yangu nikisafiri inabidi nimpigie nimsomee.