Kliniki ya chanjo ya mtaani kwetu: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Mtoto wangu wa kwanza alikosa chanjo ya pili ya surua, na si kwa uzembe. Nilimpeleka hospitali kubwa mara mbili, kila safari siku nzima ya kazi ikapotea. Mara zote mbili niliambiwa nirudi siku nyingine, watoto hawajatosha kufungua kichupa. Safari ya tatu sikwenda.

Sababu yake nimekuja kuielewa kwenye kliniki ndogo iliyofunguliwa mtaani kwetu. Chanjo ya surua huja ikiwa unga. Ikishachanganywa na maji yake maalumu, itumike ndani ya saa 6, inayobaki inatupwa. Kichupa kimoja mara nyingi kina dozi 10, ndiyo maana wahudumu wengi wanaogopa kukifungua kwa mtoto mmoja, ingawa Shirika la Afya Duniani linashauri kifunguliwe hata kwa huyo mmoja. Nesi wetu anafungua. Halafu anachukua daftari lake na kuwapigia simu akina mama ambao watoto wao wamefikia zamu, na kwa kuwa tunakaa karibu, haipiti nusu saa benchi limejaa. Hospitali ya mbali haiwezi hilo hata ikitaka.

Huyu wa pili amepata hapo za wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua ya miezi 9 na ya miezi 18. Mara mbili kwa wiki wanafungua mpaka jioni, na kwangu hilo linazidi mengine yote: natoka kazini, nambeba mtoto, narudi nyumbani giza halijaingia.

Siku ya kwanza, kabla ya kuvuta dawa, nesi alinisogezea kichupa nione alama yake: duara lenye kijimraba katikati. Kijimraba kikiwa na rangi hafifu kuliko duara, joto halijaiharibu chanjo. Rangi zikishalingana, haichomwi mtu. Hakuna aliyewahi kunionyesha kitu hicho, nami nimezaa mara mbili! Mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa amechelewa miezi kadhaa, kadi kaificha chini ya khanga akingoja kugombezwa. Nesi akamwambia tu, "Mama, hatuanzi upya, tunaendelea tulipoishia."

Kasoro ipo. Friji yao ni ndogo, na mwanangu alipofikisha wiki 10 penta, ile chanjo moja ya kukinga magonjwa matano, ilikuwa imeisha, tukasubiri siku 9. Walinipigia wenyewe ilipofika, nawashukuru, ila anayepanga mzigo wa chanjo aihesabu kliniki ya mtaani kama anavyoihesabu hospitali.

Yule wa kwanza naye alipata surua yake ya pili hapo hapo, akiwa na miaka 4, siku mdogo wake alipochomwa ya miezi 9. Kichupa kilikuwa kimoja.