Siku tano za kusoma tabaka za miamba: uzoefu wangu

Nimefanya kazi miaka sita kwenye migodi ya dhahabu Kanda ya Ziwa, na miamba ya tabaka nilikuwa nimeiacha chuoni. Mwezi uliopita nilijilipia kozi fupi Dar es Salaam, utangulizi wa stratigrafia ya mfuatano, yaani kusoma tabaka kwa kufuata jinsi bahari ilivyopanda na kushuka, pamoja na jiolojia ya mafuta na gesi. Nawaandikia wenzangu wanaojiuliza kama inafaa.

Siku ya kwanza ni mambo ya msingi: mwamba mama unaozaa gesi, mwamba unaoihifadhi, unaoifunika, na mtego unaoizuia isipotee. Aliyesoma jiolojia anayakumbuka.

Utamu ulianza siku ya pili. Mwalimu alituambia tusikimbilie kuuliza huu ni mchanga au tope, tuulize kwanza bahari ilikuwa wapi ulipotua. Mwenzetu aliyekulia Kilwa akafananisha na maji kupwa na kujaa. Mwalimu akakubali, ila akasema kupwa huku huchukua maelfu hadi mamilioni ya miaka, na kwamba ufuko unaweza kusogea kuelekea baharini hata maji yakiwa yanapanda, mradi mto unaleta mchanga mwingi kuliko nafasi inayoongezeka chini ya maji. Nikaifikiria delta ya Rufiji, na jambo lililonisumbua tangu chuoni likanikaa.

Zoezi lililonibadilisha ni la visima vitatu. Tulipewa rekodi za miale ya gama, yaani vipimo vya mionzi ya asili ya miamba kisimani vinavyosaidia kutofautisha mchanga na tope, tuziunganishe. Nikaunganisha mchanga na mchanga, kisima hadi kisima, mstari ukanyooka. Kumbe nimekosea. Ufuko ule ulikuwa ukihama, kila kipande cha mchanga kina umri wake, na katikati kuna tope jembamba lililotua bahari ilipofurika. Tope hilo lilitua karibu wakati mmoja kila mahali, kwa hiyo ndilo la kufuata. Ukilifuata, mchanga uliodhani ni mmoja unageuka vipande vilivyolaliana kama vigae. Kwa mtafuta gesi hilo ni jambo zito, kwani kisima cha upande huu kinaweza kushindwa kuitoa gesi iliyo upande wa pili. Usiku nilirudia zoezi lote upya.

Kasoro zipo. Picha za mitetemo, zile za tabaka za chini ya ardhi zinazopatikana kwa mawimbi ya mtetemo, zilichapishwa hafifu, na kazi yenyewe ni kuona mistari inapokatikia. Tuliishia kuchungulia kwenye kompyuta ya mwalimu. Mifano nayo karibu yote ilitoka Book Cliffs, Utah, Marekani. Naelewa sababu, majabali yale yako wazi na mtu huona kwa macho yake. Lakini gesi yetu ya pwani ya kusini, yaani Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 kwenye mchanga wa enzi ya Kretasia (zama za mwisho za dinosaria), Mnazi Bay ya mwaka 1982 yenye mchanga wa umri mdogo zaidi, na gesi ya bahari ya kina kirefu iliyoanza kupatikana mwaka 2010, zote zilipewa nusu saa Ijumaa jioni. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi bahari inaposhuka mito inavyochimba njia na kumwaga mchanga hadi vilindini. Zilistahili siku nzima.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukienda, beba penseli za rangi zako, maana za darasani hazitoshi, na upitie kwanza namna ya kusoma rekodi ya gama. Siku ya tatu hawakusubiri mtu.