Nimevalisha spika za zamani sponji mpya: seti hii inamfaa anayeanza?

Mambo vipi wapenzi wa muziki, karibuni tena. Leo naomba msiondoke kabla hatujafika kwenye koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma spika, maana hapo ndipo kazi yote inapopona au inapoharibika.

Hizi hapa ni AR18, za Acoustic Research ya Marekani. Ni kampuni ileile ya Edgar Villchur iliyotoa AR-1 mwaka 1954, spika ambayo koni yake, ile sehemu ya mbele inayotetemeka na kutoa sauti, ilirudishwa na hewa iliyofungiwa ndani ya boksi. Shikeni hilo, nitalirudia. Mjomba wangu alikuja nazo kutoka Uingereza. Boksi zima, tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inalia, lakini oneni hii sponji inayozunguka koni ya besi. Naigusa tu, inameguka na kuniacha na weusi kidoleni. Sponji za namna hii huliwa na hewa, unyevu na jua, ziwe za kampuni yoyote. Na kwa joto la Dar, we acha tu.

Seti yenyewe: pete mbili za sponji, kichupa cha gundi nyeupe, brashi. Nimelipa shilingi 45,000 pamoja na usafiri. Ukiagiza, usiseme "inchi 8" ukanyamaza. Pima koni yenyewe, halafu pima fremu. Muuzaji wa kwanza aliniletea pete za inchi 8 kweli, lakini tundu la kati lilikuwa pana kuliko koni yangu. Niliumia sana, pesa haikurudi.

Haya, koili. Upande wa koni nilibandika jana, umeshakauka. Sasa napaka gundi kwenye fremu, nyembamba, mzunguko mzima. Nalaza sponji. Koili iko chini huku, ndani ya upenyo wa sumaku, na nafasi yake haifiki hata milimita moja kila upande. Naweka vidole vinne kuzunguka koni, nasukuma taratibu, sawasawa... mmesikia? Krrr. Inakwaruza. Naivuta sponji kidogo kulia. Tena. Krr, imepungua. Naivuta kidogo kuja kwangu. Tena... kimya! Rudia, msikie wenyewe. Kimya kabisa. Sasa naunganisha amplifaya, simu inatoa toni ya hertz 30, yaani besi nzito sana, nimeipunguza sauti kabisa. Koni inapumua, haikwaruzi. Hapo ndipo nabana kwa vibanio vya nguo na kuiacha mpaka kesho.

Jamani, hii gundi naipenda! Imenipa muda wa kukosea na kurekebisha. Ningetumia super gluu, ingeganda kwenye ile krrr ya kwanza, na spika ndiyo basi tena.

Kuna fundi aliwahi kunivalishia spika nyingine kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Bei poa, shilingi 10,000. Lakini mpira ule ni mgumu, koni haisogei, besi ikakauka. Spika hizi zinataka kitu laini, kwa sababu kazi ya springi inafanywa na ile hewa ya boksi niliyowaambia. Ndiyo maana ukishafunga skrubu, sukuma koni pole pole uachie: ikirudi taratibu, boksi halivuji.

Bei... nilivyokaa hapa nilipanga kusema ni ghali. Kwa 45,000 unapata kaspika ka bluetooth, kweli, lakini hakafiki kwenye besi nzito kama hii. Kwa hiyo hapana, bei ni ya haki. Kinachoniudhi ni kichupa: gundi imeishia spika ya pili, tone halijabaki. Waongeze, bwana.

Wengi mmeniuliza kuhusu kapasita, kile kifaa kidogo kinachozuia besi isifike kwenye tuita. Video ijayo ni hiyo, jiungeni na chaneli isiwapite. Na kabla hujatupa spika yako ya besi, ipime kwa mita ya umeme, upande wa ohm: iliyoandikwa ohm 8 ikisoma 6, koili yake ni nzima.

Hii nyingine niliimaliza juzi. Naweka dansi la zamani, sauti ya kati tu. Vaeni spika za masikioni, halafu sikilizeni hilo gitaa la besi...