Fort Jesus au Kilwa Kisiwani: uende wapi kuielewa enzi ya Wareno?

Kwa urahisi wa kufika, Fort Jesus, ngome ya Wareno, haina mpinzani: iko Mombasa mjini, pembeni mwa Mji wa Kale. Kilwa Kisiwani, magofu ya mji wa kale kwenye kisiwa kusini mwa Tanzania, ni safari: ufike Kilwa Masoko, uchukue kibali, ndipo upande boti.

Kwa masalia ya Wareno wenyewe, Mombasa inashinda tena. Ngome ilianza kujengwa 1593, na humo mna vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama 1697 Waomani walipoizingira ngome.

Ila ngome haikuonyeshi Wareno walichokikuta. Msikiti Mkuu wa Kilwa, wa mawe ya matumbawe na kuba zake, ulisimama karne nyingi kabla kamanda Mreno Almeida hajauvamia mji 1505. Hapo ndipo hasara inapoeleweka.

Una watoto na siku moja? Mombasa. Una siku tatu na unapenda magofu? Kilwa.