Programu za kumlinda mtoto kwenye simu: ipi ulipie, ipi uachane nayo

Matangazo ya programu za kufuatilia simu za watoto yanampa mzazi ahadi moja: utaona kila kitu. Hakuna programu inayoona kila kitu, na zinazokaribia kufanya hivyo ndizo za kuogopa zaidi. Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa wingi wa vipengele. Nimeangalia kila moja inaishia wapi, na mtoto anabaki na hatari gani baada ya hapo. Kwa kipimo hicho, za bure zimekaa juu na za gharama kubwa zimekaa mkiani.

Kwanza elewa ukuta wenyewe. Simu imeundwa ili programu moja isichungulie mambo ya nyingine, na kwenye iPhone ukuta huo ni mgumu kweli kweli. Android ina mlango mmoja, ruhusa ya huduma za ufikivu. Iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, wakiwemo wasioona, na programu ikipewa ruhusa hiyo inaweza kusoma maandishi yaliyo kwenye skrini. Meseji za WhatsApp nazo, tangu 2016, zinafungwa kwa fumbo kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, hivyo chujio la mtandao haliwezi kuzisoma njiani.

1. Vidhibiti vilivyomo ndani ya simu (bure)

Anza hapa. Google walitoa Family Link mwaka 2017, na Apple wakaleta Screen Time mwaka 2018 kupitia iOS 12, mfumo wa iPhone. Zote mbili zinakuwezesha kuidhinisha programu kabla mtoto hajaipakua, kuweka kikomo cha saa kwa siku, na kuifunga simu wakati wa kulala. Kwa kuwa ni sehemu ya mfumo wenyewe, kuzing'oa si kazi rahisi.

Mipaka yake ijue kabla hujaitegemea. Family Link haikuonyeshi meseji za mtoto wala kilichopo kwenye skrini yake. Chujio lake la tovuti linafanya kazi ndani ya Chrome, kwa hiyo kiungo kilichofunguliwa ndani ya programu nyingine kinaweza kupita bila kuguswa. Mzazi mwenye iPhone anaweza kusimamia Android ya mtoto kupitia Family Link, lakini mwenye Android hawezi kusimamia iPhone ya mtoto akiwa mbali kwa Screen Time. Kama bado hujamnunulia simu, hilo pekee linatosha kuamua ununue aina gani.

Namba ya siri ya Screen Time ina tarakimu nne tu. Watoto hawahangaiki kuivunja, wanatazama vidole vyako unapoibonyeza. Geuza skrini, na usitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote nyumbani.

Huduma ninayoithamini kuliko zote humo ni ile ya iPhone inayotambua picha za utupu na kuzifunika ukungu kabla mtoto hajazifungua au kuzituma. Ukaguzi unafanyika ndani ya simu yenyewe, na Apple hawaioni picha. Mtoto anasimamishwa palepale hatari ilipo, jambo ambalo ripoti inayomfikia mzazi jioni haiwezi kulifanya.

2. Mipangilio ya familia ndani ya mitandao ya kijamii (bure)

TikTok walianza kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto mwaka 2020, kisha Snapchat na Instagram wakafuata 2022. Snapchat inakuonyesha mtoto amewasiliana na nani ndani ya siku saba zilizopita, ila maneno yenyewe huyaoni, na naona hapo wamepima vizuri. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: inasimamia akaunti unayoijua. Akaunti ya pili mtoto anaifungua kwa dakika chache.

3. Chujio la mtandao (bure)

Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, walitoa anwani ya DNS (mfumo unaoitafuta tovuti kwa jina lake) ya 1.1.1.3 mwaka 2020, inayozuia tovuti za ngono na zenye programu hasidi. Ukiiweka kwenye ruta, vifaa vyote vya nyumbani vinachujwa, lakini mtoto akiwasha data ya simu ameshatoka nje ya uzio. Afadhali uiweke kwenye simu yenyewe. Android 9 na matoleo ya baadaye yana sehemu ya DNS ya faragha, andika hapo family.cloudflare-dns.com. Hata hivyo chujio hili linajua jina la tovuti tu. Halijui ni video gani inatazamwa ndani ya YouTube, na VPN, yaani programu inayopitisha mtandao wa simu kwenye njia nyingine iliyofichwa, inalipita.

4. Programu za kulipia: Qustodio, Norton Family, Bark na za aina hiyo

Lipia kama nyumbani kuna mchanganyiko wa kompyuta za Windows, Android na iPhone na unataka kusimamia vyote mahali pamoja. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kulipa, na kwa familia nyingi ndiyo pekee.

Kwenye Android, mjaribu muuzaji kabla pesa hazijatoka: iwashe simu katika hali salama, ambamo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Simu nyingi zinaingia hali hiyo kwa kushikilia kitufe cha kuzima kwenye skrini kwa sekunde kadhaa. Ukiona ulinzi wote umelala, ujue mtoto naye ataliona. Angalia pia uokoaji wa betri. Simu nyingi huzima programu za nyuma ili chaji idumu, na ulinzi unakatika kimya kimya bila wewe kuambiwa. Kwenye iPhone, nyingi hutegemea VPN au wasifu wa usimamizi uliosakinishwa (faili la mipangilio linaloipa programu mamlaka juu ya simu), kwa hiyo hakikisha mtoto hawezi kuufuta mwenyewe kwenye mipangilio.

Bark ina njia tofauti. Badala ya kukumwagia meseji zote, inazichambua na kukuarifu inapohisi uonevu, dalili za kujidhuru au mtu mzima anayemnyemelea mtoto. Wazo ni zuri kuliko kusoma kila neno. Swali la kuuliza ni lugha: kama mtoto anachati kwa Kiswahili kilichochanganywa na maneno ya vijana, je, inakielewa? Na angalia mapema kama inauzwa nchini kwako, kwa sababu haipatikani kila mahali.

5. Programu za siri (usinunue)

Hizi zinajificha kwenye simu na kukuletea meseji, picha na mahali alipo. Mwaka 2018 TeenSafe iliacha wazi nywila za Apple za watoto, na huduma hiyo ilimtaka mzazi azime uthibitishaji wa hatua mbili ili ifanye kazi. Mwaka 2024 mamilioni ya mawasiliano ya wateja wa mSpy yalivuja. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilikuwa tayari imeipiga SpyFone marufuku katika biashara ya ufuatiliaji mwaka 2021. Unamnunulia mtoto ulinzi, kumbe picha zake zimekaa kwenye seva ya mtu usiyemjua.

Halafu kuna siku atakapogundua. Mtoto aliyefuatiliwa kwa siri ana njia rahisi sana ya kujibu, nayo ni kutumia simu ya rafiki. Huko hakuna programu yako hata moja, na tatizo likimpata hatakuja kwako, maana ataona amejishtaki. Programu yoyote utakayochagua katika hizo nne za juu, isakinishe mkiwa mmekaa pamoja, umwonyeshe unachokiona na usichokiona.

Ukiamua kulipa, lipa mwezi mmoja kwanza, usivutwe na punguzo la mwaka. Ijaribu kwenye simu ileile ya mtoto, si kwenye yako. Soma wanahifadhi data kwa muda gani, na siku ukiacha kuitumia usiishie kuifuta kwenye simu: funga akaunti na uwaandikie wafute kumbukumbu za mtoto.